Upasuaji wa koo au mashine ya barakoa? Naombeni ushauri

Mzee_wa_Tabata: Wakuu, habari za jioni. Nakoroma mpaka shemeji yenu kahamia chumba cha watoto. Daktari kasema pumzi inakatika nikilala na mishipa ya damu inaumia taratibu. Nichague: kupasuliwa koo, au mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa kila usiku. Hela ninayo ya kimoja tu.

Nesi_Mstaafu: Baba, umetuachia nusu ya habari. Ulipimwa ukiwa umelala? Pumzi inakatika mara ngapi kwa saa? Kuanzia 30 ni kali. Kilo? Tonsesi? Presha?

Kisu_Kwanza: Pasua umalize mkuu. Utalala kama rubani mpaka uzeeni? Na umeme ukikatika saa nane usiku?

Binti_Pwani: Kimeo si nilikatwa utotoni? Mbona nakoroma 😂

Nesi_Mstaafu: Usichanganye mwanangu. Kile cha mganga kimeua watoto kwa kuvuja damu. Huu wa hospitali, alioueleza daktari Fujita mwaka 1981, unapunguza kimeo na kaakaa laini, na tonsesi kama zipo.

Chai_Puani: Jina langu linajieleza. Nilipasuliwa miaka sita iliyopita. Wiki mbili kumeza mate ni kumeza wembe, nikaishi kwa uji wa baridi. Siku ya saba damu ikanitoka usiku, tukakimbizana na bajaji. Kisha kila nikinywa chai inatokea puani, hata mbele ya wakwe. Miezi minne! Kukoroma kukapungua, mke akarudi chumbani, nikajua nimepona. Mwaka jana nikapimwa tena: pumzi bado inakatika mara 22 kwa saa. Kimyakimya.

Mdau_Maabara: Hapo ndipo penyewe. Kinachoumiza mishipa si kelele. Oksijeni inashuka na kupanda usiku kucha, mwili unamwaga adrenalini, presha inaruka, na ukuta wa ndani wa mshipa unapoteza uwezo wa kutanuka. Ila mashine nayo msiiabudu. Utafiti wa SAVE wa 2016, watu 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo: haikupunguza kiharusi wala mshtuko wa moyo. Usingizi wa mchana ulipungua, lakini.

Kisu_Kwanza: Si nilisema!

Mdau_Maabara: Sijamaliza. Waliivaa wastani wa saa 3.3 kwa usiku.

Nesi_Mstaafu: Unameza nusu dozi halafu unailaumu dawa?

Binti_Pwani: Kwani inverta bei gani siku hizi?

Mzee_wa_Tabata: Nimerudi. Mara 41 kwa saa. Kilo 118, presha natumia dawa mbili. Tonsesi nilitolewa darasa la nne.

Nesi_Mstaafu: Na hayo yote uliyaficha ya nini? Kilo hizo zina kesi yake, hata ukichagua kisu.

Chai_Puani: Ndevu unazo? Barakoa huvuja hewa kwenye ndevu.

Mzee_wa_Tabata: Ninazo. Na hizo sinyoi.