Kampuni za kupangisha tovuti Nairobi, acheni kujikinga kwa jina la Facebook

Wanajukwaa, nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira. Sacco yetu ya hapa Nairobi hulipia seva kila mwezi kwa kampuni moja ya mjini iliyotuahidi kwa maandishi kwamba mfumo wake hutunzwa wakati wote. Hata hivyo, kila mwanachama anapofungua ukurasa wa akiba yake, jibu la seva hiyo hukifikia kivinjari likiwa na maneno haya: Apache/2.2.15 (CentOS). Kwa wasiozifahamu seva, Apache ni programu inayovitumia vivinjari kurasa za tovuti, na hilo ni toleo lake lililokuja na CentOS 6, mfumo endeshi wa aina ya Linux ambao masasisho yake ya usalama yalikoma tarehe 30 Novemba 2020.

Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba hata Facebook hutumia CentOS. Jibu hilo liliniudhi kuliko kosa lenyewe. Facebook hutumia CentOS Stream, ambayo hupokea mabadiliko mapya mfululizo, na ina wahandisi wake wanaochangia kazi ya mfumo huo; kati yake na CentOS 6 iliyoachwa bila mtunzaji, kinachofanana ni jina tu.

Isitoshe, tovuti kubwa hazitumii mfumo endeshi mmoja. Wikipedia hutumia Debian, baada ya kuhama kutoka Ubuntu, zote mbili zikiwa za aina ya Linux. Netflix husambaza video zake kwa mashine zenye mfumo endeshi wa FreeBSD na nginx, programu ya kazi kama ya Apache ambayo Igor Sysoev wa Urusi aliitoa mwaka 2004 ili seva moja iweze kuhudumia maelfu ya miunganisho kwa wakati mmoja. Stack Overflow nayo iliwahudumia waandishi wa programu wa dunia nzima kwa miaka mingi ikitumia Windows Server na IIS, programu ya seva ya Microsoft, jambo ambalo mashabiki wa Linux hawapendi kulisikia. Kwa hiyo sigombani na yeyote kuhusu Linux au Windows, wala simlaumu mtu kwa kuchagua Apache. Ninacholalamikia ni seva iliyotelekezwa huku ankara zikija bila kukosa.

Fundi wao alidai kwamba namba ya toleo haina maana, kwa kuwa Red Hat, kampuni ambayo Linux yake ndiyo msingi wa CentOS, huingiza marekebisho ya usalama katika matoleo ya zamani bila kubadilisha namba hiyo, na CentOS ikayachukua kutoka huko. Ni kweli, na ndiyo sababu Apache iliyotolewa mwaka 2010 iliweza kuaminika kwa muongo mzima. Lakini CentOS 6 iliacha kuyapokea mwaka 2020, na waundaji wa Apache wenyewe walikuwa wameacha kuyatunza matoleo yote ya 2.2 tangu mwaka 2017. Alipokosa hoja, alipendekeza namba hiyo ifichwe isionekane tena! Kuificha ni badiliko dogo la mipangilio ambalo halizibi tundu hata moja.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatubana sisi tunaokusanya namba za vitambulisho na za simu za wanachama, na inambana pia anayezichakata kwa niaba yetu. Nataka kampuni hiyo ituhamishie kwenye mfumo unaotunzwa, ituandikie tarehe ya kuhama, na iturudishie ada ya matunzo kwa miezi yote ambayo haikutunza chochote. Nanyi wenye mikataba kama wetu hapa mjini, fungueni zana za wasanidi katika kivinjari (developer tools), mtazame seva yenu inajitambulisha vipi, kisha mtuandikie hapa mlichokiona.