Tupeane uzoefu: Uliyepaza sauti chuoni wakati wa corona, yalikukuta yapi?

Mkazi wa Kimara

Wakuu, heshima kwenu. Jana nilikuwa napanga begi la zamani nyumbani kwa mama, nikakuta bango la manila lililokunjwa mara nne, wino wa bluu umefifia, limeandikwa: "Siku 75 hatukulala hapa. Tunaomba fedha yetu." Nililiandika kwa mkono wangu Juni 2020 nikiwa mwaka wa pili. Nilikaa nalo sakafuni hadi mama akauliza kulikoni.

Mnaukumbuka mfuatano wake. Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, tukarudi makwetu na mabegi huku vyumba tulivyokwisha kulipia vikibaki na magodoro matupu, na tukafunguliwa tarehe 1 Juni. Chuo chetu hakikusema neno kuhusu fedha ya hosteli. Tulipoomba liitishwe baraza la wanafunzi, tulijibiwa kwamba mikusanyiko hairuhusiwi kwa sababu ya ugonjwa. Asubuhi ya siku hiyohiyo tulikuwa zaidi ya mia tatu katika ukumbi mmoja tukisikiliza kipindi, wengine wamekaa kwenye ngazi kwa kukosa viti. Mchana tulikaa watu thelathini chini ya mwembe, kila mmoja hatua mbili kutoka kwa mwenzake, barakoa usoni, tumeshika mabango na hatusemi kitu. Askari wasaidizi walitutawanya kabla ya dakika kumi, na mimi na wenzangu wanne tukapewa barua za kujieleza kwa nini tusisimamishwe masomo kwa kuhatarisha afya za wengine.

Ilikuwa wiki ileile taifa lilipotangaziwa kwamba corona imeondoka nchini. Kama imeondoka, sisi tulikuwa tunahatarisha afya ya nani? Swali hilo nililiandika katika barua yangu ya kujieleza, na sikujibiwa. Naomba wenye kumbukumbu za namna hii waziandike hapa.

Binti Mbagala

Tulikuwa wengi, kaka. Kwetu lilikuwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lililochelewa, na jibu lilikuwa hilohilo la mikusanyiko.

Mwalimu wa Historia

Niongeze kidogo kwa faida ya vijana. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mamia wakafukuzwa. Mwaka 1970 gazeti lao la *Cheche* likapigwa marufuku, na mwaka uliofuata rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, akaondolewa chuoni. Tarehe 5 Machi 1978 wakaandamana tena kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, wakafukuzwa. Sababu inayotolewa hubadilika kila kizazi, mara utovu wa nidhamu, mara usalama wa nchi, na safari hii afya. Kwa hiyo yaliyomkuta mwenzetu chini ya mwembe yana ukoo mrefu.

Mzee wa Serikali ya Wanafunzi

Nitasema jambo ambalo huenda lisipendwe. Nilikuwa kiongozi wa wanafunzi mwaka ule, si katika chuo cha mleta mada, na nilikataa mabango tangu mwanzo. Niliingia ofisini mara saba nikiwa na daftari lenye majina na namba za risiti, nikatoka na makubaliano kwamba fedha ya siku zile ihamishiwe mwaka wa masomo unaofuata. Hakuna aliyeandikiwa barua. Wakati ule watu walikuwa na hofu, na kelele kidogo tu ingeleta taharuki. Bango linampa mkubwa nafasi ya kuzungumzia bango lenyewe, na dai lako likasahaulika.

Mhitimu wa 2020

Mkuu, naomba nikuulize kwa heshima: mwaka wa masomo unaofuata ulikuwa wa nani? Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho. Makubaliano ya namna hiyo yalifanyika na kwetu, yakawaacha nje wahitimu wote, na viongozi wetu wakatupigia makofi ya ushindi. Risiti yangu ninayo hadi leo. Hao viongozi hawakutuita tukaulizwa, kwa sababu baraza lilikuwa limekatazwa, na wao hawakulidai.

Mzee wa Serikali ya Wanafunzi

Hilo la wahitimu nakubali lilitushinda. Lakini ungepata nini kwa bango, ndugu yangu? Ungepata barua ya kujieleza na risiti yako ileile.

Mhitimu wa 2020

Ningepata kusikika. Wewe unaona ni kitu kidogo kwa sababu ulikuwa na kiti ofisini.

Mtoto wa Tandika

Sikukusudia kuandika. Nimesoma hilo neno "taharuki" na mkono umeanza kutetemeka, kwa sababu ndilo neno nililoandikishwa.

Februari 2021 nilikuwa mwaka wa pili. Chumba chetu cha watu wanne tulilala saba, maana tulikuwa tunabebana, wawili wawili kitandani. Mmoja wetu alianza kwa homa, siku ya tatu akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika. Nchi nzima ilikuwa inasema "changamoto ya upumuaji", na watu walikuwa wanazikwa. Tulimpigia nyungu. Tulichemsha mwarobaini, mchaichai na majani ya mkaratusi kwa birika la umeme tulilolificha chini ya kitanda, tukamfunika kwa kanga mbili, nami nikaingia naye humo ndani nimshike mabega asianguke kwenye maji ya moto. Nilikuwa nasikia kifua chake karibu na sikio langu kikilia kama mlango mkavu.

Usiku huo nikaandika kwenye kundi la darasa ujumbe wa mistari minne: kwamba bwenini kuna mgonjwa asiyeweza kupumua, tunaomba gari, tunaomba wasio na vitanda wapatiwe mahali pengine, na madirisha yaliyopigiliwa misumari yafunguliwe. Gari lilikuja saa nane usiku, akapelekwa hospitali. Hadi asubuhi ujumbe ulikuwa umefika makundi ambayo siyajui.

Niliitwa saa tatu usiku wa siku ya pili. Palikuwa na meza ndefu, watu watano, na simu yangu ikawekwa ndani ya bahasha ya kaki. Nilisomewa kanuni za maudhui ya mtandaoni za Julai 2020, zilizokuwa zikikataza kutangaza mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, kisha nikasomewa kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Mama yangu anauza vitumbua. Nilipiga hesabu ya vitumbua vya milioni tano palepale mezani, nikashindwa kuimaliza.

Nikapewa karatasi na kuambiwa cha kuandika: "Taarifa niliyoitoa haikuwa ya kweli na imeleta taharuki. Mwenzangu ana mafua ya kawaida." Nikaandika, nikaweka sahihi, nikarudishiwa simu na kutakiwa niipige picha barua hiyo na kuituma kwenye kundi la darasa mbele yao.

Mwenzangu alikuwa kwenye kundi hilo. Aliisoma akiwa wodini, amewekewa oksijeni.

Binti Mbagala

Ee Mungu wangu. Pole, dada.

Mkazi wa Kimara

Mimi niliyeleta mada sina la kuongeza juu ya hili. Pole sana. Alipona?

Mtoto wa Tandika

Alipona baada ya wiki tatu. Siku aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Kwani ulisahau nilivyokuwa nahema?" Nikamweleza, akasema ameelewa. Alihama chumba mwezi huohuo.

Mzee wa Serikali ya Wanafunzi

Dada, neno "taharuki" nimelitumia bila kujua lilikotumika. Naliondoa, na nakuomba radhi.

Mwaka wa Kwanza

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nimeingia chuo mwaka huu, na hosteli yetu bado tunabebana. Mtu afanye nini?

Mhitimu wa 2020

Marahaba. Andikeni kwa pamoja, majina hamsini katika karatasi moja. Mmoja huitwa usiku, hamsini hawaitiki wote.

Askari Mstaafu wa Ukonga

Hilo la majina hamsini ndilo litakalowaponza, kwa sababu mtakuwa mmewapa orodha kamili. Mkitaka kuandamana, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Pelekeni, na mhakikishe nakala yenu imegongwa mhuri.

Mwalimu wa Historia

Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni, na ya 20 uhuru wa kukusanyika. Zisome pamoja na ibara ya 30, inayoeleza mipaka, maana hiyo ndiyo mtakayotajiwa.

Binti Mbagala

Mimi nasema usiandike chochote kundini, nenda ana kwa ana.

Mtoto wa Tandika

Hapana, dada. Nisingeandika kundini, gari lisingekuja. Mdogo wangu, andika. Ila ukiitwa usiku, sema utakuja kesho asubuhi na mzazi au kiongozi wako, na usiweke sahihi kwenye sentensi ambayo hukuitunga wewe.

Mkazi wa Kimara

Hiyo barua nakala yake unayo?

Mtoto wa Tandika

Bado imo kwenye kundi la darasa, chini ya ujumbe wangu wa mwanzo. Hakuna aliyeandika tena humo tangu tulipohitimu.