Naomba ushauri: mji wa ufukweni na watoto wadogo

Wakuu, habari zenu. Tunapanga mapumziko kwenye mji wa ufukweni na watoto wawili, wa miaka 3 na 8, pamoja na bibi yao ambaye magoti yanamsumbua.

Kinachonitia wasiwasi ni bahari yenyewe. Mkondo unaovuta kuelekea kilindini huchukua hata mtu mzima anayejua kuogelea (ukikunasa usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke). Sasa huyu mdogo akiona maji hasubiri mtu! Mnachaguaje ufukwe: wenye mwamba unaokata mawimbi, au wowote ule mradi kuna waokoaji? Yale maboya ya mikononi ya kujaza upepo mimi siyaamini kabisa, bora jaketi la kuokolea linalomkaa sawasawa.

Halafu malazi. Tulale karibu na maji, au mjini ambako bibi atatembea kwenye lami badala ya kuzama mchangani? Na jua likiwa kali, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni hivi, watoto wenu mnawashughulisha na nini? Wa miaka 8 halali mchana.