Bastola ya springi ya easofti kwa anayeanza: nichague ipi, na niitumieje?

MtotoWaChumbageni aliandika:

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Leicester, Uingereza, na wenzangu kazini wamenialika mara mbili kwenye easofti, ule mchezo wa kuviziana msituni kwa bunduki zinazorusha gololi ndogo za plastiki. Mara zote mbili nilikodi vifaa, nikapigwa mapema, nikamaliza saa nzima pembeni nikiwatazama wengine. Sasa ninataka bastola yangu mwenyewe ya kujifunzia kulenga shabaha nyuma ya nyumba, na kwa kuwa mfuko haujatuna, nimeona nianze na ya springi, ambayo haihitaji gesi wala betri.

Mtandaoni nimeona moja ya pauni 15 inayojigamba kurusha gololi kwa futi 300 kwa sekunde, na nyingine ya Tokyo Marui, kampuni ya Kijapani, ghali zaidi, ambayo haijigambi kwa lolote. Zote mbili zimepakwa buluu kali kama vitu vya kuchezea watoto, jambo ambalo sikulielewa. Je, nichukue ipi, ninunue gololi za uzito gani, na itanifaa uwanjani au ni ya nyumbani tu? Nina binti wa miaka 9, kwa hiyo suala la usalama ninaliuliza kwa dhati. Vilevile mpwa wangu aliyeko Tanga amesikia habari hizi na ameniomba nimletee moja nitakapokwenda likizo.

Springi_Moja alijibu:

Kaka, nilianza na bastola ya namna hiyo hiyo hapa Uingereza, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua.

Ukivuta nyuma slaidi, yaani ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, unaikandamiza springi pamoja na pistoni iliyo ndani ya silinda, na kulabu ndogo inaishika pale. Ukibonyeza kifyatulio kulabu inaachia, pistoni inakimbia mbele, na hewa iliyokuwa ndani ya silinda inaisukuma gololi nje ya mtutu. Hakuna zaidi ya hapo, na ndiyo maana kila gololi inahitaji kukokiwa upya kwa mkono. Uwanjani, ambako mwenzako ana bunduki ya betri inayomimina gololi mfululizo, utakuwa bado unavuta slaidi naye ameshakupiga. Usiinunue kwa ajili ya mapambano. Inunue kwa sababu ya huo huo uzito wake wa kukoki: kila risasi unaigharimia, basi unajifunza kutulia, kushika vizuri, na kubonyeza kifyatulio bila kutikisa mkono. Mwenye bunduki ya betri hufundishwa haya na wenzake kwa makelele, tena baada ya kumaliza gololi 300.

Kuhusu futi 300, uliza kwanza zimepimwa kwa gololi ya uzito gani. Wauzaji wa bastola za bei ya chini hupenda kupima kwa gololi ya gramu 0.12, kwa sababu kilicho chepesi hukimbia. Gololi ya gramu 0.12 kwa futi 300 ina nishati ya takriban jouli 0.5. Nishati hiyo hiyo ukiipa gololi ya gramu 0.20, kasi inashuka hadi futi 232 hivi. Bastola haijabadilika; kilichobadilika ni hesabu ya tangazo. Mimi hutazama jouli tu. Kwa kulinganisha, huko Japani, ambako mchezo huu ulianzia, sheria iliyorekebishwa mwaka 2006 inaweka mpaka wa jouli 0.98, na bastola za springi zinazotengenezwa kwa watoto wa kuanzia miaka 10 hazizidi jouli 0.135. Hapa Uingereza, Sheria ya Polisi na Uhalifu ya 2017 inaruhusu bunduki za easofti zinazorusha gololi moja moja zifike jouli 2.5, mpaka ambao bastola yako haitaukaribia.

Ningekushauri uchukue ya Tokyo Marui. Mtutu wake umenyooka, na ina hopapu, yaani kipande cha mpira kinachochungulia kwenye dari ya mtutu na kuikwaruza gololi kwa juu ili itoke ikizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo huifanya hewa iinyanyue gololi, nayo husafiri mbali zaidi kabla ya kuanguka. Bastola isiyo na hopapu hutupa gololi chini baada ya hatua chache, na anayeanza hudhani kosa ni la mkono wake.

Ama rangi ya buluu, hiyo ni sheria. Tangu Oktoba 2007 si halali kumuuzia mtu asiye na sababu inayotambuliwa kifaa kinachofanana kabisa na silaha halisi, na ndiyo maana wauzaji hupaka sehemu kubwa kwa rangi kali. Ukicheza mara tatu katika muda usiopungua miezi miwili kwenye uwanja uliosajiliwa, unaweza kuingizwa kwenye UKARA, yaani orodha ya wachezaji wanaotambuliwa, na hapo duka litakuuzia nyeusi. Kabla ya hapo usithubutu kuipaka rangi nyeusi mwenyewe, kwa maana kukigeuza kifaa kifanane na silaha halisi nako ni kosa. Na unapokwenda uwanjani, iweke ndani ya begi lililofungwa. Kuibeba hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, hata kama ni ya buluu.

MamaZuu_Köln alijibu:

Kaka yangu amemaliza habari ya chuma. Mimi nitaongezea habari ya macho, kwa kuwa umesema una binti.

Gololi hizi zina kipenyo cha milimita 6, na zikigonga ukuta, jiwe au chuma hurudi zilikotoka. Anayeumia mara nyingi si aliyelengwa, ni aliyesimama karibu akitazama. Kwa hiyo, pale nyuma ya nyumba, kila mtu aliyepo avae miwani ya kinga, na isiwe ya jua: tafuta iliyoandikwa EN 166 yenye herufi B au F, alama inayoonyesha imepimwa kwa vitu vinavyorushwa kwa kasi. Kwa shabaha, chukua boksi la katoni, ndani yake ning'iniza taulo kuukuu au kipande cha zulia kikining'inia bila kukazwa. Kitambaa kinachoyumba huimeza gololi, kilichokazwa huirudisha. Weka boksi mbele ya ukuta, kamwe si mbele ya uzio wa jirani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kuchomoa magazini, yaani kibebeo cha gololi, hakuiachi bastola tupu. Ukishaikoki, gololi moja imekwisha kuingia kwenye mtutu na itakaa humo ikikusubiri. Chomoa magazini, elekeza mtutu kwenye boksi, koki tena na ufyatue, ndipo uiweke chini. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa, kwani springi huchoka na kulabu hulika. Unapokoki, shika slaidi kwa nyuma, maana nimewaona watu wazima wenye akili zao wakipitisha kiganja mbele ya mtutu ili wapate nguvu ya kuvuta.

Binti yako asiishike. Huku Ujerumani hata zile zilizo chini ya jouli 0.5, ambazo huhesabiwa kuwa vitu vya kuchezea, huuzwa kama za kuanzia miaka 14, na mimi ninaona ni sawa kabisa. Ifungie kabatini, na gololi zikae mahali pengine.

MtotoWaChumbageni aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimeinunua ya Tokyo Marui, nimetengeneza boksi lenye taulo, na miwani nimepata. Shida ni moja: kwa mita 5 gololi zinaingia palepale, lakini nikirudi nyuma hadi mita 12 zinaanza vizuri kisha zinapanda juu kama zimeitwa. Gololi nilizonazo ni za gramu 0.12, nilizozikuta nyumbani kwa rafiki.

Springi_Moja alijibu:

Hopapu ya bastola yako haina skrubu ya kurekebisha, imepangwa tangu kiwandani, na gololi nyepesi namna hiyo inazungushwa kupita kiasi. Nunua za gramu 0.20 zilizosuguliwa vizuri, zisizo na mshono unaoonekana katikati. Za rafiki yako zitupe, na zilizokwisha kufyatuliwa usiziokote kuzitumia tena, kwani mchanga mmoja tu unatosha kuukwaruza mtutu. Ukisafisha, pitisha kitambaa kikavu kwenye kijiti chake. Mafuta ya silikoni tone moja kwenye reli za slaidi yanatosha, na yasifike kwenye mpira wa hopapu, maana ukiteleza hauwezi kuizungusha gololi. Mafuta ya kulainishia vyuma vya gari yaweke mbali, yanaula mpira.

Pwani_Kibokoni alijibu:

Nimesoma kimya kimya kutoka Mombasa, ila hilo la mpwa limenigusa, kwa sababu halijajibiwa. Mjomba, usimpelekee. Afisa wa forodha atakayeiona kwenye mashine ya kukagulia mizigo haoni rangi ya buluu, anaona umbo la bastola. Na askari wa doria usiku hatasimama kusoma maandishi ya kiwandani. Huku kwetu hakuna aliyezoea kuona kitu hicho kikiwa mchezo. Ukitaka kabisa, andika kwanza kwa polisi wa Tanzania wanaoshughulika na leseni za silaha, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kufunga begi.

MtotoWaChumbageni aliandika:

Nimekuelewa, mjomba. Mpwa nitampelekea viatu vya mpira, atanuna siku mbili. Gololi za gramu 0.20 zimefika leo: kwa mita 12, kati ya kumi, saba zimeingia kwenye duara la ukubwa wa kisahani cha chai, na zile tatu najua kabisa nilivuta kifyatulio kwa pupa.