Tupeane uzoefu: Mliokulia Kigoma na Tabora, "asili yenu ni wapi" mliulizwa na nani, na kwa nini?

Mtoto wa Ujiji (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, tulipokuwa shuleni tulikariri kwamba Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 na kwamba Stanley alimkuta Livingstone hapo mwaka 1871, lakini watu waliowabebea mizigo, na wale waliopitishwa njia hiyohiyo wakiwa wamefungwa minyororo, tuliwasoma kwa jumla tu, bila majina. Wengi wetu ni vizazi vyao. Naomba tusimuliane tuliyoyasikia majumbani au yaliyotukuta wenyewe kuhusu kupimwa kwa rangi, kabila au asili, bila kutaja ofisi wala watu walio hai.

Kwetu tunaitwa Wamanyema. Wazee wetu walitoka ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo. Baadhi walivuka wakiwa wapagazi na wafanyabiashara, wengine walivushwa wakiwa watumwa wa misafara ya pembe za ndovu. Baada ya miaka mingi wote waliswali msikiti mmoja na kuzungumza Kiswahili kilekile, hivyo mgeni asingeweza kuwatofautisha. Tofauti ilijitokeza ilipokuja posa. Mchumba wa shangazi yangu alikataliwa kwa sababu ukoo wake, kama walivyosema, "haujulikani ulikoanzia", na kila aliyekuwa barazani alielewa maana yake. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini posa hiyo ilikataliwa baada ya Uhuru. Bibi hakutaka kabisa kulizungumzia jambo hilo, nami sithubutu kumlaumu.

Mwalimu wa Unyanyembe

Ahsante kwa mada. Mimi hupeleka wanafunzi kwenye tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa Livingstone, na huwaeleza habari za Chuma na Susi, watumishi wake, kabla ya habari zake mwenyewe. Livingstone alipofariki mwaka 1873, watu wake waliukausha mwili na kuubeba hadi pwani. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Mwingereza Cameron, ambaye aliwashauri wauzike hapahapa. Wakakataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo. Katika kundi hilo alikuwamo pia Halima, mpishi, ambaye hatajwi karibu popote. Mazishi yalipofanyika London mwaka 1874, Chuma na Susi hawakuwepo. Kati ya waliosafiri na mwili ule alihudhuria Jacob Wainwright, kijana Myao aliyesomeshwa India baada ya kukombolewa utumwani. Jiwe la kaburi lililoko Westminster Abbey linasema marehemu aliletwa na mikono miaminifu, basi. Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza kama mikono hiyo haikuwa na wenyewe. Nilimwandikia majina yote niliyoyajua ubaoni, na kipindi kikaishia hapo.

Mjukuu wa fundi reli, Tabora

Mwalimu umezungumzia ya kale. Mimi naleta ya juzi kidogo. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa Tabora kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpigakura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, katika nchi ambayo Waafrika walizidi asilimia 98. Wapo walioona kushiriki ni kukubali tusi. Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, na Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, kwa hiyo vitabu huhesabu uamuzi ule kuwa wa busara, nami nakubali.

Lakini bibi yangu aliyewapikia baadhi ya wajumbe alikuwa na hesabu yake. Ili uandikishwe ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au wadhifa unaotambuliwa. Yeye hakuwa na hata kimoja, na babu, pamoja na ufundi wake wote, mshahara haukufika. Alikuwa akisema kwamba ubaguzi wa rangi waliupigia kelele wanaume mkutanini, ila huu wa kipato na shule, uliowaacha nje karibu wanawake wote wa mtaa wake, hakumsikia mtu akiusemea.

Muha wa Kasulu

Baba yangu alikwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Serikali ya kikoloni iliifanya Buha, nchi yetu Waha, kuwa ghala la vibarua, kisha tukachekwa kwa kuwa vibarua. Mpaka leo ukiomba kitambulisho nje ya mkoa na kusema unatoka Kigoma, maswali huongezeka: babu alizaliwa wapi, alizikwa wapi, nani anamfahamu. Mwenzangu wa mkoa mwingine aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni hakuulizwa hata moja.

Ulyankulu

Ndugu Muha, wewe unaulizwa ukiwa mwenyeji. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, nami nimezaliwa na kukulia hapa Ulyankulu. Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kutolewa kwa watu zaidi ya 162,000 wa makazi yetu matatu ya wakimbizi, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na changu ninacho. Mnunuzi wa tumbaku bado hutuita wakimbizi, na hutupangia bei akiwa na fikra hiyo. Wenzangu wa Katumba na Mishamo, je, kwenu watoto nao huulizwa asili zao wanapoandikishwa shule?