Wakuu nisaidieni grafu ya velositi na taimu, mstari ukilala si basi limesimama?

Dada Mkubwa: Habarini wakuu. Mdogo wangu wa kidato cha pili kaja na zoezi la fizikia, mi nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ila nikajitia kumfundisha. Basi linaanza sifuri, sekunde ya 10 limefika mita 15 kwa sekunde, mstari unalala mpaka sekunde ya 30, halafu unashuka mpaka sifuri sekunde ya 35. Nikamwambia pale mstari ulipolala basi liko kituoni linapakia, kaenda shule kakosa, sasa ananiangalia kama tapeli. Na umbali wanautoa wapi wakati haujaandikwa popote??

Fundi Saa: Hahaha HKL na fizikia wapi na wapi. Umechanganya na grafu ya umbali na taimu, ile ndo mstari ukilala chombo kimesimama. Hii mhimili wa wima ni velositi (spidi yenye mwelekeo), kwahiyo mstari kulala maana yake spidi haibadiliki, dereva kakanyaga mafuta kiasi kilekile mshale wa dashibodi umeganda kwenye kilomita 54 kwa saa, ndo zile mita 15 kwa sekunde, na basi linakula lami tu. Kusimama mpaka mstari uguse sifuri.

Kichuguu: Umbali ni eneo chini ya mstari. Asikariri, mwambie afikirie, sekunde 20 kila sekunde mita 15 si ndo 300? Basi huo ndo urefu mara upana wa ule mstatili wa katikati. Pembetatu ya kwanza 75, ya mwisho 37.5, jumla mita 412.5. Slopu (mwinamo wa mstari) ndo mchapuko, yaani velositi inabadilika kiasi gani kila sekunde, mwanzo 1.5, kwenye breki ni hasi 3, ndo maana mstari wa breki umekaa mkali na abiria wanalaliana

Dada Mkubwa: Aisee kumbe! Sasa kuna la mpira umerushwa juu, mstari unakata sifuri unaenda chini, huko mpira umeingia ardhini??

Fundi Saa: 😂😂 Hapana dada, hasi ni mwelekeo tu, mpira unarudi. Ukiurusha kwa mita 20 kwa sekunde, graviti (mvuto wa dunia) weka 10, yaani kila sekunde velositi inapungua 10, sekunde ya 2 velositi ni sifuri na hapo ndo uko juu kabisa, mita 20 toka mkononi. Sekunde ya 4 unaudaka, velositi hasi 20.

Kichuguu: Na pale juu wengi wanaandika mchapuko sifuri, wanaliwa maksi. Mstari haujapinda popote, slopu ni hasi 10 mwanzo mwisho.

Dada Mkubwa: Asanteni sana, ngoja nimwite. Nitamwambia jana nilikuwa nampima tu.