Naomba ushauri: fedha nisizozitarajia, nianze na lipi?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Nimelipwa malimbikizo ya mshahara ambayo nilishayakatia tamaa. Si utajiri, lakini sijawahi kushika kiasi hiki kwa mkupuo.

Zaka nitatoa, hilo halina mjadala. Kinachonitatiza ni kitakachobaki. Nina deni lenye riba, na Mithali 22:7 inasema wazi kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye. Huo utumwa naujua: kila mwisho wa mwezi meseji ya makato inaingia kabla sijanunua hata sabuni. Nataka nilimalize lote. Mke wangu anasema tukifanya hivyo tutabaki mikono mitupu, mtoto akiugua tutarudi kukopa palepale. Yeye anamtaja Yusufu, aliyeshauri sehemu ya tano ya mazao iwekwe akiba katika ile miaka 7 ya shibe (Mwanzo 41). Kusema kweli ana hoja.

Halafu kuna ndugu. Habari zimeshavuja (sijui nani kawaambia), na simu za salamu zimekuwa nyingi ghafla. 1 Timotheo 5:8 hainiruhusu kuwafumbia macho walio wangu, ila nikimsaidia kila anayepiga, wiki mbili nyingi.

Kwa sasa hela ipo benki, sijaigusa. Mliopitia hili, mlilipa deni lote au mligawa mkaweka na akiba? Na ndugu mliwajibuje bila kuwaudhi wala kusema uongo?